Nilikataa posa ya dada yangu kiziwi bila kumuuliza, kisha nikajisifu kwenye maiki

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa naingia kusoma mambo ya kilimo na mashine, nacheka na vichekesho vyenu, natoka. Huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nitakayoandika yametokea, na pale ambapo mbaya ni mimi nitasema ni mimi. Majina ya watu nimeyabadilisha, maeneo nimeyaacha.

Naishi Ifakara, mtaa wa Lipangalala. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Elimu yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta makosa ya uandishi mnivumilie.

Niliacha shule kwa sababu wazazi wetu walifariki wakifuatana. Alianza baba, mama akafuata kabla hatujamaliza kumlilia baba.

Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu yuko Levina, halafu Kalisti ambaye siku hizi yuko kwenye mashamba ya miwa, halafu Agnes, kitinda mimba, yuko sekondari ya bweni. Ndugu walitaka kutugawa kama vyombo, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba. Nikakataa. Nikasema hawa watakula ninachokula mimi, na kweli walikula.

Uzi huu ni wa Levina.

Levina alikuwa anasikia kama watoto wengine mpaka alipougua homa ya uti wa mgongo, akiwa hajafikisha umri wa kwenda shule. Alipopona hakusikia tena. Maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea moja moja. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na sisi hatukuwa na mtu wa kutuonyesha njia. Akabaki nyumbani.

Mimi na yeye tukatengeneza ishara zetu. Kula, kulala, maji, shamba, mvua inakuja, yule mzee mwenye kitambi. Kwa ishara hizo nikawa mdomo wake.

Zahanati naenda naye, daktari anauliza, najibu mimi. Dukani, kanisani, ofisi ya mtaa, najibu mimi. Ikafika mahali hata simuulizi. Daktari akisema "unaumwa wapi," nasema tumbo, kwa sababu jana yake nilimwona ameshika tumbo.

Pale mashineni wenzangu wakanipa jina la Spika. "Spika, bunge lako limepitisha nini leo?" Tunacheka. Nililipenda hilo jina, sitawadanganya.

Kuna tabia nyingine, na wenye kiziwi nyumbani wataijua. Tulikuwa tunamzungumzia akiwa amekaa palepale. Unakunywa chai huku unasema "huyu naye sijui atakuja kuishi na nani," na yeye anakusogezea sukari. Hupunguzi sauti wala hugeukii pembeni. Ukifanya hivyo miaka mingi, mdomo unasahau kabisa kwamba yupo.

Baadaye Levina akajiunga na kikundi cha viziwi kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa kule Mlabani. Wanajifunza kushona, kusoma na kuandika, na zaidi lugha ya alama, ile yenyewe inayofundishwa. Alipelekwa na mama mmoja jirani, mimi nilichofanya ni kuruhusu.

Alibadilika haraka. Alikuwa anarudi mikono inakwenda kasi siwezi kuifuata. Agnes akija likizo anafundishwa, na kwa sababu kichwa chake chepesi, akashika. Wawili hao wanakaa barazani wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mimi naangalia mpira.

Kikundi kilikuwa kinafundisha familia pia, Jumamosi, bila malipo. Mwalimu Stela, ambaye ndiye mkalimani wao, alikuja mpaka mashineni kuniita. Nikamwambia nina kazi.

"Halafu mimi na dada yangu tunaelewana vizuri tu," nikaongeza.

"Mnaelewana kuhusu nini?" akauliza.

Nikaona huyu mwanamke ana maswali mengi. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Hukohuko kwenye kikundi ndiko Levina alikojuana na Desderi. Ni fundi seremala wa kijiji cha Mbingu, kiziwi naye. Levina alikuwa ameshanunua simu kwa kazi zake za cherehani, wakawa wanaongea kwa video call. Anaegemeza simu kwenye sufuria, anachambua mchele mkono mmoja, mkono mwingine unaongea. Akihitaji kusema jambo refu anaacha mchele kabisa. Nilikuwa naona. Sikusema kitu.

Jumapili moja baada ya mavuno wakaja wageni kutoka Mbingu, wazee wawili na mama mmoja. Walikuwa wamenipigia simu kabla, nikajua wanakuja kwa lipi. Levina nikamwambia kwa ishara kwamba kuna wageni, watu wa mpunga, apike.

Akapika kweli. Alichinja jogoo wake mwenyewe. Shangazi Filomena naye nilimwita, maana posa bila mtu mzima wa upande wa baba haijakaa vizuri.

Sasa, kwa utaratibu wetu, mshenga akishaeleza, binti anaitwa. Anaulizwa mbele ya wageni kama anawafahamu, na kama wazee wapokee au wasipokee. Hata kama kila kitu kimepangwa tangu mwaka jana, hilo jibu lake linasubiriwa. Asiposema, hakuna kinachoendelea.

Mshenga alimaliza maneno yake, akaweka mikono magotini. "Sasa tunaomba tumsikie binti mwenyewe."

Levina alikuwa palepale, ameshika jagi, anawanawisha wageni mikono.

Nikasema, "Mzee, binti yetu hasikii wala hasemi. Mimi ndiye mdomo wake."

"Tunalijua hilo, hata kijana wetu yuko hivyohivyo. Wewe muulize kwa namna mnavyoulizana."

"Ndiyo, muulize mtoto," shangazi naye akasema.

Wakuu, hapa ndipo penyewe.

Nikamgusa Levina begani. Akaniangalia. Nikamfanyia ishara ya kuuliza kama kuna nyama imebaki jikoni.

Akatikisa kichwa. Haijabaki.

Nikawageukia wageni. "Mmeona wenyewe. Hataki."

Yule mama aliyekuja nao alimtazama Levina kwa muda, halafu akaangalia chini. Mshenga akasema wamesikia, na jambo la kuoana halilazimishwi. Walikula kwa heshima, wakaaga. Levina akawasindikiza mpaka barabarani na kuwapungia mkono.

Shangazi alibaki. "Festo, mbona umemuuliza haraka hivyo?"

"Sisi tunaelewana, shangazi."

Mtaniuliza kwa nini. Mwenyewe nilijiambia naogopa. Viziwi wawili kwenye nyumba moja, mtoto akilia nani atasikia, jiko likishika moto nani atapiga kelele. Baadaye nilikuja kujua kwamba wapo wanaolea watoto, na wana namna zao. Lakini hata huo woga ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba Levina ndiye aliyekuwa anaendesha nyumba yangu. Ndiye anapika, anafua, anajua Agnes akifungua shule anahitaji nini. Akiondoka, mimi naanzia wapi? Hilo sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikujiambia kwa sauti.

Kumbe Levina alikuwa anasubiri. Desderi alishamwambia kwamba wazee wake watakuja mavuno yakiisha. Siku hakuijua, kwa sababu hata Desderi kwao hakuambiwa. Wazee walipanga, wakatoka, waliporudi ndipo wakampa majibu kwamba binti mwenyewe amekataa, kichwa ametikisa, wameona kwa macho yao.

Desderi akaacha kupokea simu.

Nilimwona dada yangu anaegemeza simu kwenye sufuria na kukaa mbele yake. Kwenye kioo inaandika inaita, inaita, halafu inakatika. Anapiga tena. Siku nyingine anabadilisha blauzi kwanza, ndipo anapiga.

Mimi nimekaa hapo nakula. Najua kwa nini haipokelewi. Nikaendelea kula.

Hiyo haikuwa siku moja, wakuu. Ilikwenda mpaka mvua za kupandia.

Kisha ikaja semina. Kikundi kiliandaa siku ya familia zenye viziwi, palepale ukumbini Mlabani. Afisa ustawi wa jamii alikuja, na watu wa kata. Mada ilikuwa haki za viziwi, kwamba waulizwe wenyewe hospitali, polisi, kwenye mirathi, kila mahali. Nikaombwa nizungumze kama mlezi, kwa sababu habari zangu za kulea wadogo wanazijua. Nikavaa shati la kanisani.

Viziwi walikaa safu za mbele upande wa kushoto, Levina akiwa kati yao. Mwalimu Stela alisimama kando ya jukwaa, kavaa nguo nyeusi, anatafsiri kila kinachosemwa. Mwanzoni nilimwangalia. Baada ya muda macho yakamzoea kama unavyozoea feni.

Nikapewa maiki. Nikaeleza vifo vya wazazi, shule nilivyoiacha, ndugu walivyotaka kutugawa. Watu wakaguna kwa huruma. Viziwi wakainua mikono juu na kuitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi. Nikajisikia mtu.

Nikaendelea. Nikasema, "Mlezi lazima uwe imara. Hata wachumba wanakuja, maana dada yangu ni mzuri. Mwaka huu wamekuja wa Mbingu, watu wazima kabisa, nikawarudisha. Siwezi kumtoa mtoto wa marehemu mama yangu kwa yeyote anayebisha hodi."

Watu wanaosikia wakapiga makofi.

Safu za kushoto hakuna mkono ulioinuka. Zilitulia. Halafu vichwa vyote vikamgeukia Levina, na baada ya hapo vikanigeukia mimi.

Ndipo nikamwona Stela. Mikono yake ilikuwa ndiyo kwanza inamaliza sentensi yangu.

Wakuu, mimi nilikuwa nimezungumza kama ninavyozungumza nyumbani.

Mwenyekiti wa kikundi ni mzee anayesikia kidogo, anavaa kifaa sikioni na huongea kwa mdomo wake, taratibu. Akauliza kutoka alipokaa, "Na huyo dada yako mwenyewe, hao wa Mbingu aliwajibu nini?"

"Yeye," nikasema, "hakuwa na neno."

Stela akatafsiri na hilo.

Levina akasimama. Akafanya alama chache, taratibu kuliko kawaida yake. Stela akatoa sauti: "Anauliza, walikuja lini?"

Nikabaki na maiki mdomoni.

"Anauliza tena. Walikuja lini?"

"Ile Jumapili," nikasema. "Wale wageni wa jogoo."

Stela akamwambia. Levina akaniangalia, akafanya alama nyingine. Sauti ya Stela ilishuka kidogo. "Anasema, wale niliowanawisha mikono?"

Nilirudisha maiki mezani, nikashuka. Wenzangu wawili wa mashineni walikuwepo, wakaangalia pembeni ili nipite. Afadhali wangecheka.

Jioni Levina alikuja nyumbani na Stela. Agnes alikuwa likizo, angeweza kututafsiria, lakini Levina alimtuma kwa jirani. Alisema mdogo wetu asibebe maneno haya.

Tukakaa uani, Levina mbele yangu, Stela pembeni.

Stela akasema, "Kuanzia sasa ninachosema ni chake, siyo changu."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza kuhusu mtoto kulia, kuhusu moto, kuhusu mama alivyoniachia. Levina akainua mkono.

"Anasema uongee kwa vituo, mwalimu naye ni binadamu. Anasema siku zote alikuwa anaona mdomo wako hautulii, sasa ndiyo amejua kwamba hata maana hauna."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Dada yangu ni mtu wa utani, na mkali. Nimeishi naye chini ya bati moja maisha yetu yote, sikuwahi kulijua hilo.

"Anasema, uliacha shule kwa ajili yetu. Hilo ameambiwa na kila mtu, hata wasiojua ishara nyingine yoyote wanayo ya kumwambia hilo. Anakushukuru. Anauliza, deni lake linaisha lini?"

Nikaanza kuhesabu miaka, nikaacha.

"Anauliza, siku ile ulimuuliza nini?"

Nikasema ukweli. Nikasema nilimuuliza kama nyama imebaki.

Stela mwenyewe alisita kabla ya kutafsiri. Levina alipoipata hakufanya alama yoyote. Aliangalia mikono yake. Nikasema naomba msamaha, nikarudia, nikarudia tena.

"Anasema ameshaelewa, usirudie. Anasema mnakwenda Mbingu. Ulidanganya kwa mdomo wako, utarekebisha kwa mdomo huohuo."

Tukaenda, watatu, kwa basi la Mlimba linalopitia Mbingu. Njia nzima Levina alikaa dirishani, mimi nyuma yake. Nilikuwa najipa moyo kwamba nikishasema, mambo yatarudi. Kukosea nimekosea, lakini kurekebisha nakuja kurekebisha, nani atakataa?

Baba yake Desderi alitupokea barazani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia. Mshenga naye akaitwa. Nikasema yote, mpaka habari ya nyama jikoni.

Baba yake Desderi akanigeukia.

"Kijana," akasema, "sisi tulikuja kwako na heshima zetu. Tukala chakula chako."

"Ni kweli, baba."

"Tukarudi tukamwambia mtoto wetu, umekataliwa. Alikaa karakana wiki nzima bila kugusa randa. Mama yake akaanza kuogopa. Tukamtafutia kwingine. Tumekwenda kwa watu, wametupokea, binti yao amesema ndiyo mbele yetu. Sasa wewe unataka niende kwa mtoto wa watu nikamwambie nini?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui," akasema.

Mshenga akatikisa kichwa. "Na mimi niliona kwa macho yangu. Nikamwapia kijana kwamba nimeona. Umenifanya na mimi mwongo."

Desderi alikuwa ameshatoka karakana. Alisimama kwenye mbao zake na Levina akamwendea. Wakaongea, kwa mikono, muda mrefu. Mara moja Desderi alinionyeshea mimi, Levina akamshusha mkono. Mara moja aligeuka akaupa mgongo uwanja wote, Levina akasubiri mpaka akageuka tena. Halafu wakaendelea.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka walipo. Nilimwuliza Stela, "Wanasema nini?"

"Hiyo siyo yako," akasema.

Nikabaki nimesimama. Maisha ya dada yangu yanaamuliwa mbele ya macho yangu, na mimi sielewi hata neno moja. Yule mama aliyekuja siku ya posa aliniletea kigoda. Nikashindwa kukaa.

Walipomaliza, Desderi alirudi ndani. Levina akaja, akatuonyesha barabara. Tukaondoka.

Desderi ameshaoa, yule binti wa kwingine. Harusi ilikuwa nzuri, nimesikia.

Levina amepanga chumba Mlabani na mwenzake wa kikundi, wanashona pamoja. Hatukugombana. Alifunga vitu vyake mchana, nikambebea cherehani mpaka kwenye bajaji, akanionyesha nishike upande gani isiharibike. Jumapili anakuja, anakula, anaondoka. Pale Mbingu yeye na Desderi walisema nini hajaniambia, na sijamuuliza.

Mimi Jumamosi naenda darasani, nakaa na watoto wadogo na mama zao. Vidole vyangu vimezoea magunia, vinachelewa. Nilimwomba Levina anifundishe yeye, akakataa. Alisema nikajifunze kwa wengine kwanza, nikishajua kuuliza ndipo nije kwake. Nikikosa alama darasani natamani kuacha, lakini siachi.

Nilichojifunza ni kidogo tu na kila mtu humu anakijua, ila mimi nilikilipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Ukiwa na ndugu asiyesikia, upendo wako haukupi haki ya kumjibia. Kama hujui lugha yake, kajifunze. Kama huwezi kwa leo, tafuta mkalimani. Na daktari, mshenga, au mtu wa ofisini akikuangalia wewe badala yake, mwambie amwangalie yeye.

Kabla ya kuweka uzi huu nilimwuliza Levina kama anaruhusu. Nilimwuliza kwa alama, mwenyewe, ilinichukua muda na alinisahihisha mara kadhaa.

Alifikiri. Halafu akasema niandike niliyofanya mimi. Yeye alivyojisikia nisiandike, kwa sababu sijui.

Kwa hiyo sijaandika.

Wenye ndugu viziwi au wenye usikivu hafifu, tuambieni mnaishije nao, mliwezaje. Kama kuna kiziwi anasoma hapa, ningependa zaidi kukusikiliza wewe. Na wanaotaka kunisema waniseme, nitasoma zote.